Mashine Isiyobisha Hodi

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi. Nashukuru, ingawa bado sielewi kwa nini mtu anapewa saa siku anayoacha kuangalia saa. Blanketi nalielewa. Lakini nilichorudi nacho nyumbani siku ile ni neno la Mwende, yule binti wa mitambo mipya, ambaye tulikaa naye meza moja. Nilikuwa nimeanza kusimulia habari za zamani za watu kusikilizwa kwenye simu, naye akanishika bega kwa upole, kama mnavyotufanyia sisi wazee.

"Mama, hiyo mambo iliisha," akasema. "Sasa kuna intaneti. Na hizo nchi zinatengeneza mashine za kusikiliza watu na kuwazibia, zimepiga marufuku. Haziwezi uzia serikali mbaya tena. Iko kwa sheria kabisa."

Nilinyamaza kwa sababu mchungaji alikuwa amesimama kuombea chakula. Sasa nina nafasi, na mbuzi wangu hawahitaji kuunganishwa na mtu. Mwende, nakuandikia wewe na wenzako. Sheria ya namna hiyo naijua. Niliishi nayo, nikaifurahia, na nilimjua mtu aliyeiamini.

Niliingia kazini Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana hadi nikavivua chini ya meza. Aliyenipokea alikuwa opereta mkuu, Syokau, ambaye kila mtu alimwita Mama Kyalo kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa mjane, mfupi, mwimbaji wa kanisa, na sauti yake iliwafanya hata wakubwa wakumbuke kusema tafadhali. Aliniona miguu mitupu.

"Iko sawa," akasema. "Kazi ya hapa ni ya masikio na mikono. Wacha miguu ipumzike."

Ninyi hamkuiona bodi ile, kwa hiyo nitaieleza. Ilikuwa kabati la mbao lenye safu za matundu, na juu ya kila tundu kijilango cha chuma cha ukubwa wa ukucha. Mwenye simu akizungusha mpini wa simu yake kule dukani, kijilango chake kinaanguka hapa kwetu. Unachomeka plagi, unavuta kiswichi, unauliza, "Namba, tafadhali?" Kitui hakuna aliyejibu kwa namba. Walisema, "Nipatie yule wa mabati," au, "Nipe hospitali haraka, ni bibi yangu." Na watu wetu hawawezi kupiga simu bila kujitambulisha. Mtu alianza na jina lake, la babake na kijiji chao, kama anayetoa ushuhuda kanisani, ndipo aseme anamtaka nani.

Jambo moja mlielewe, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Bodi yetu haikuwa na taa ya kutuambia watu wamemaliza. Opereta alilazimika kurudi kwenye laini kila baada ya muda aangalie, na kurudi kwenye laini ni kusikia. Huwezi kufanya kazi ile bila kusikia mambo ya watu. Nilimsikia mwanamume akimlilia dada yake. Nilisikia ng'ombe wa mahari wakibishaniwa mpaka mmoja wao akafa kabla hawajaelewana.

Mama Kyalo alikuwa na dawa ya hilo. Akivuta kiswichi, kabla ya kutega sikio alibisha kwa ukucha kwenye kipaza sauti, mara mbili, akasubiri kidogo. Akitoka alibisha mara moja. Mbili kuingia, moja kutoka. Hakuna kitabu cha kazi kilichosema hivyo.

"Wewe ukienda kwa boma ya mtu, unaingia tu?" aliniuliza siku ya kwanza. "Hata kama mlango ni ya kuegemesha, unabisha. Hii waya ni boma ya watu. Sisi ni wageni ndani yake."

Wasichana wote waliopita mikononi mwake walibeba desturi ile hadi vituo vingine, na watu wa Ukambani waliizoea. Wakisikia mbili, walisema, "Bado, mama," au waliacha siri na kuuliza habari za mvua. Wakisikia ile moja, walirudi kwenye siri yao. Hata Kyalo, aliyekuwa akifanyia kazi zake za shule chini ya bodi kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu, alibisha hivyo hivyo kwenye sahani kabla ya kula. Mama yake alimkemea kwa kuchezea chakula, kisha akageuka pembeni kucheka.

Siku moja, Kyalo akiwa tayari sekondari, alikuja mtu kutoka ofisi fulani kubwa, akavuta kiti karibu na bodi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyesema maneno yasiyopendwa, na huyu bwana alitaka Mama Kyalo amsikilizie mazungumzo yake ampe ripoti. Hakumkatalia. Kijilango cha yule mfanyabiashara kilipoanguka, alimuunganisha vizuri, kisha akachukua penseli badala ya ukucha na kubisha mara mbili kwa nguvu mpaka mimi nikashtuka.

"Endeleeni tu," akawaambia wale wa kwenye laini. "Kuna bwana hapa amesema nisikilize, kwa hivyo mimi nasikiliza."

Walizungumza habari za kuku. Yule bwana aliandika kuku, sijui kwa faida ya nani. Haukupita muda Mama Kyalo akapewa uhamisho wa Mutomo, ambako wakati huo uhamisho ulikuwa na maana moja tu: adhabu. Alifunga cherehani yake na vitabu vya mwanawe, akapanda lori akiimba. Sisi tulilia, yeye akatuambia tufute pua, abiria wanangoja.

Nilimfuata Mutomo kwa miaka michache, na huko ndiko nilikojifunza betri. Maji ya visima vya Mutomo yana chumvi, ukiyatia kwenye betri za simu unaziua, kwa hiyo tulikinga ya mvua kwenye mabati na kuyaficha kama asali. Mvua ikikataa tulienda kuomba hospitali ya misheni. Kijana atakayewaambia kwamba kazi ya simu ni akili tu, mpeni ndoo. Nilikuwa huko Mama Kyalo alipostaafu na kujenga nje kidogo ya mji, na Kyalo aliporudi kutoka chuo cha ualimu na kupewa darasa si mbali na nyumbani. Aliniita auntie. Alikuwa mwembamba, mcheshi, msomaji wa magazeti mpaka matangazo ya vifo, na mwenye kuamini sana jambo lolote lililoandikwa vizuri.

Kisha nami nikahamishwa, nikapelekwa mji mmoja wa barabara ya Mombasa, upande wa Kibwezi. Jina lake nitaliacha, wenyeji watautambua. Laini ya Mutomo ilipita kwenye bodi yangu. Fundi wetu alikuwa Musyoki, mtu wa maneno machache na chai nyingi, ambaye nusu ya kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo zilizoangushwa na ndovu waliokuja kujikuna. Aliwahi kumwandikia mkubwa wake kuomba ndovu wapewe uhamisho. Sidhani alijibiwa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini wakaja wageni wawili na gari la serikali, wakashusha sanduku la kijivu, wakaliweka kwenye chumba cha betri. Walisema ni mashine ya kupima laini. Waliiunga nyaya wenyewe, na Musyoki akaambiwa aendelee na nguzo zake. Walipoondoka aliingia kuliangalia, kisha akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Ndinda, hiyo kitu haipimi laini," akasema. "Kibati cha jina kimetolewa, imebaki matundu ya skrubu. Mtu hawezi toa jina ya kitu kama anajivunia. Na iko na kanda ndani. Laini inapimwa na kanda?"

Tangu siku ile kila aliyepita kwenye bodi yangu alipita pia kwenye sanduku lile. Wale wageni walikuja mara kwa mara kuchukua kanda. Mashine haikubisha. Haikungoja mtu aseme bado, mama. Haikuwa na kanisa la kwenda Jumapili wala jirani wa kumwonea haya. Nilikumbuka penseli ya Mama Kyalo na kuelewa kwa nini walikuwa wameacha kuvuta viti karibu na maopereta.

Tungefanya nini? Nilifanya dogo nililoweza. Niliacha kubisha ile moja ya kutoka. Niliingia kwa mbili kama kawaida, kisha nikakaa kimya, na watu walipongoja ile moja wasiisikie, waliendelea na habari za mvua. Neno lilienea polepole, kwa mdomo, sokoni na kanisani: opereta asipotoka, usiseme. Nilimwambia Mama Kyalo nilipomtembelea Mutomo, naye akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Basi ile moja ichunge kama yai," akasema.

Ndipo likaja lile tangazo. Tulilisikia kwenye redio ya Musyoki, idhaa ya nje, kiangazi kikali. Nchi iliyotengeneza mashine kama zile ilikuwa imepitisha sheria: ni marufuku kuziuza, wala vipuri vyake, kwa serikali zinazofunga watu kwa maneno yao. Nilipiga makofi. Musyoki aliendelea kukoroga chai.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini yetu iko hapa tayari. Na hii haikutoka huko moja kwa moja. Karatasi iliyofungiwa nyaya ndani ni ya nchi ingine kabisa. Ilipitia kwa mtu, na huyo mtu akapitia kwa mtu."

Kyalo hakuwa na shaka kama ya Musyoki. Alikuja mjini wiki ile kununua chaki, akaingia ofisini uso umejaa nuru. "Auntie, umeona?" akasema. "Dunia imeanza kusikia. Hawa watu wataishiwa." Nilimwambia hawajaishiwa, sanduku liko pale nyuma ya ukuta linanguruma. Akacheka, akasema kitu kisicho na spea ni maiti inayongoja.

Na kweli, Mwende, nisije nikadhulumu sheria ile. Kabla ya mvua za vuli sisimizi waliingia ndani ya sanduku, wakafuata joto kama wanavyofanya, na kitu kikaungua. Tulisikia harufu mpaka mlangoni. Wale wageni walikuja na fundi wao, akafungua, akatikisa kichwa. Kilichoungua kilikuwa na mtengenezaji mmoja tu, na mtengenezaji alikuwa amefungwa mikono na sheria. Walirudi tena na tena, wakali, wakitoka mikono mitupu. Musyoki alilifunika sanduku kwa gunia, akaweka birika lake juu yake.

Nilianza tena kubisha ile moja. Siwezi kuwaeleza utamu wake. Watu walipoisikia walinyamaza kwanza, kama hawaamini, halafu nikawaacha na maneno yao. Katika miezi ile mtu alipiga kutoka Nairobi kumwambia mwenye duka mmoja hapa kwamba ndugu yake, mwalimu mkuu huko Tseikuru, atafuatwa Ijumaa. Alingoja nitoke ndipo akasema. Hilo nalijua kwa sababu mwenye duka alikuja kunishukuru baada ya miaka, akiwa na huyo ndugu yake, mzee mwenye wajukuu na tumbo. Ijumaa ile waliomfuata walikuta ameshavuka mpaka. Mtu huyo ni mzima kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mbali na watu wasiojua Tseikuru ni nini. Nikiwasikia wanaosema marufuku hizi ni bure, namkumbuka yeye na tumbo lake.

Njaa ilikuwa kali mwaka uliofuata. Mahindi ya msaada yalikuja, lakini upande wa kina Kyalo kulikuwa na vijiji ambavyo malori yaliviruka, kwa sababu watu wake walikuwa wameonekana kwenye mikutano isiyotakiwa. Kyalo aliona watoto wakilala madawatini. Akapanga na mchungaji mmoja wa mji wetu, ambaye kanisa lake lingekuwa na mkutano mkubwa wenye wageni kutoka nje. Angewaleta wajane watatu wasimame mbele ya watu wote na kusema kwa midomo yao malori yalipitia wapi.

Mwezi ule tuliletewa katoni kwa lori la mizigo, imeandikwa vipuri vya chaja ya betri. Chaja yetu ilikuwa mbovu kweli, Musyoki alikuwa ameomba vipuri. Aliibeba begani mwenyewe, akaiweka chumbani, akasema ataifungua Jumatatu akimaliza nguzo. Jumapili sote tulikuwa kanisani. Jumatatu katoni haikuwepo, na mkubwa wetu akasema imeletwa kimakosa, imerudishwa. Gunia lilikuwa juu ya sanduku, na birika juu ya gunia. Chaja ilikuwa inanguruma kama siku zote, kwa hiyo hatukusikia ngurumo ya pili chini yake.

Kilichonipa wasiwasi ni kwamba wale wageni waliacha kuja wakiwa wakali. Waliacha kuja kabisa. Nilimwambia Musyoki, naye akasema labda wamechoka. Lakini ule ukucha wa kutoka ukaanza kuwa mzito kwangu, nikawa nakawia kwenye laini bila kujua nangoja nini.

Siku chache kabla ya ule mkutano wa kanisa, asubuhi, kijilango cha Mutomo kikaanguka.

"Mimi ni mwalimu Kyalo, mtoto wa Syokau, wa Mutomo," ikasema ile sauti, kama desturi yetu ilivyo, kisha ikanisalimu. "Wĩmũseo, auntie. Nipe mchungaji."

Nilimuunganisha. Nikabisha mbili, nikaingia, nikakaa. Mchungaji aliuliza mvua. Kyalo akajibu mvua. Wakangoja ile moja, na mimi sikuitoa.

"Auntie," Kyalo akasema kwa upole, "si utoke tu? Hiyo kitu ilikufa. Spea imekatazwa dunia mzima, nani atawauzia? Auntie, tuko na haraka, hawa wamama wanataka kujua watapanda gari gani."

Alikuwa na haki ya kuomba. Ilikuwa laini yake. Nikabisha moja, nikatoka.

Walimchukua darasani mchana, wanafunzi wakiwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Mchungaji alichukuliwa jioni na kurudishwa baada ya wiki, mgonjwa. Wajane hawakupata wa kuwasafirisha.

Mimi niliitwa kabla ya wiki kwisha, kwenye ofisi ya mkubwa wetu, mchana kweupe, na mmoja wa wale wageni akanivutia kiti kwa adabu. Akaniuliza kama naijua sauti atakayonisikilizisha. Nikasema laini ya Mutomo huwa na kelele nyingi. Akatabasamu, akasema hii mashine haisumbuliwi na kelele, akabonyeza. Nikajisikia nikibisha mbili. Nikasikia mvua. Nikamsikia Kyalo akiniomba nitoke. Nikajisikia nikibisha moja, safi kabisa, safi kuliko nilivyowahi kuisikia kwa masikio yangu. Halafu Kyalo akapumua, akacheka, akasema kwa Kikamba kwamba nimetoka, sasa tuko peke yetu.

Yule bwana hakuhitaji jibu langu, Kyalo alikuwa amejitaja hadi mama yake. "Hiyo kugonga kwenu imetusaidia sana," akaniambia. "Tunajua mambo muhimu inaanzia wapi. Hatupotezi wakati na mvua."

Nilirudi kwenye bodi na kuendelea na kazi hadi zamu ikaisha. Musyoki alikuwa ameketi chumba cha betri, gunia liko chini, anakitazama kile kitu. Baadaye tulikuja kujua kwamba kipuri kilikuwa kimepitia nchi ya tatu, kimeuzwa kama cha chaja, kwa mfanyabiashara, kwa mfanyabiashara mwingine, hadi kwenye bega lake. Alikuwa akisugua bega lile kwa mkono mwingine. Sikuwahi tena kumsikia akifanya mzaha wa ndovu.

Kwenda kumwambia Mama Kyalo kulinishinda kwa siku mbili. Siku ya tatu nilipanda gari la Mutomo. Alikuwa ameketi kwenye gogo, mikono mapajani, hakushona wala hakuimba. Nilimweleza yote, hata ile kugonga. Alisikiliza kama alivyosikiliza bodini, bila kukatiza.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Aiya, Ndinda, ni mimi. Nilifundisha hawa watu wote kuamini ile moja. Singewafundisha, wangeogopa simu kama watu wengine wote, na mwana wakwa angekuwa hapa anakula."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia adabu haiwezi kuwa kosa. Nililia kuliko yeye.

Sasa utaniuliza, Mwende, kama marufuku hufanya kazi. Ni kama ua wa miiba kwa mbuzi: humchelewesha, naye akichelewa kuna miche huota. Mzee wa Tseikuru ni mche mmoja. Lakini wale waliotunga sheria walimtazama muuzaji, wakaenda kulala. Hawakumtazama aliyebadilisha jina kwenye katoni, wala mwenye lori, wala mkubwa aliyefungua mlango tukiwa kanisani, kisha akawa anawapelekea kanda. Na ubaya mkubwa kuliko wote, walimpa Kyalo kitu cha kuamini. Bila tangazo lile angezungumza habari za mvua. Ukiwa kwenye mitambo yako mipya, ifurahie sheria, ila usimwambie mtu kwamba mambo yaliisha. Nenda chumba cha nyuma uinue gunia. Na tafadhali mbishieni watu hodi. Sijui intaneti inabishwaje, lakini ninyi mna elimu.

Bodi yetu iling'olewa ilipokuja mitambo ya kujiendesha, na lile sanduku likaondoka na vyuma chakavu. Kyalo alirudi baadaye sana, siku ambayo hatukuwa tumeambiwa, akashuka garini na mfuko wa karatasi. Nywele zilikuwa nyeupe kwenye kijana yule. Mama yake alimwosha, akamlisha, akamwimbia. Kule alikokuwa walikuwa wakimchezea ile kanda, na hasa ile moja, mpaka akajua kwamba ikishasikika tu, yanafuata maumivu. Hafundishi tena. Anapepeta ndengu na kunde, na kazi hiyo anaiweza.

Kwenye boma lile hakuna anayegonga kitu. Mama Kyalo, aliyefundisha Ukambani nzima kubisha hodi, alizungushia kitambaa kwenye komeo la mlango wake, na vijiko vyake ni vya mbao. Alikufa mwaka jana akiwa ameshika mkono wa mwanawe, na wenye kupigilia jeneza tuliwaomba waende kulimalizia mbali, ng'ambo ya korongo.

Nilikwenda kumwona Kyalo wiki iliyopita, nimpelekee lile blanketi lenu. Nilisimama nje ya ua, kama tunavyofanya sote, nikangoja ainue kichwa mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Alikuwa na ungo magotini. Aliponiona hakushtuka, akasogea kwenye benchi kunipisha, kisha akaniuliza analomuuliza kila anayefika pale.

"Mko wangapi, auntie?"

"Niko peke yangu, Kyalo."

"Sawa," akasema. Akalipokea blanketi, akalikunjua polepole, akaangalia ndani yake.